Kadi ya Nyumba ya Kona

Aliyeandika sahihisho lile alitumia penseli ya maktaba, ile iliyofungwa uzi kwenye msumari, na aliliandika kwa adabu, herufi ndogo ndogo pembeni mwa karatasi: *Mguu wa kulia, siyo wa kushoto.*

Bi Kadi alilisoma, akatikisa kichwa kukubali kama anavyokubali masahihisho yote, akafungua daftari lake ili alinakili. Kalamu ilikwisha kugusa karatasi ndipo alipokumbuka kwamba mwanamke huyo anayesahihishwa mguu hakuwahi kuzaliwa. Alimtunga yeye mwenyewe, miezi miwili nyuma, kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili.

Akacheka peke yake. Akatazama huku na huku amwone mtani wake, lakini mle maktabani hamkuwa na mtu ila mkutubi anayesinzia mezani na feni inayozunguka kwa shida.

Huyu Bi Kadi alikuwa karani wa masjala ya halmashauri kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu hakujua namna ya kustaafu. Maktaba ikamwomba aandike kitabu cha watu wa zamani wa mji, nyumba kwa nyumba, ukoo kwa ukoo. Weee! Ni kama kumwomba mlevi alinde pombe. Kila mtu aliyewahi kuishi mjini akamtengenezea kadi: jina, baba, mama, kazi, jambo watu wanalomkumbukia, na chini kabisa mstari wa mwisho, yaani alifariki lini na akazikwa wapi. Walio hai nao walikuwa na kadi, mstari wao wa mwisho umeachwa mtupu ukiwasubiri. Yeye mwenyewe alikuwa na yake, na mama yake pia. Utaratibu ni utaratibu.

Popote alipomkuta mtu mzima, sokoni, msibani, kwenye foleni ya hospitali, alimsimamisha kwa swali lake moja: "Samahani, wewe ni wa nyumba ipi?" Watoto walimwigiza. Walevi walimwigiza vizuri zaidi.

Nusu ya kadi zile zilitoka kinywani mwa mama yake. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na sita, hajui kusoma, miguu imemwisha nguvu, lakini kumbukumbu zake zilikuwa kali kama wembe. Alikuwa akikaa kitandani karibu na dirisha, anaanza: "Siku hiyo mvua inanyesha, baba yako amevaa lile shati lake la mistari..." Na binti anamkatiza: "Mwaka gani, mama?" Bibi anaanza upya: "Nakwambia mvua inanyesha..." "Mama, mwaka." Basi bibi anageuka, anatazama nje.

Walikuwa wawili tu. Bi Kadi hakuwa na mume wala mtoto, na ndugu zake wote walikuwa wamekwisha kujaziwa mistari ya mwisho. Alipowasha taa jioni na kusikia kutoka chumbani, "Umerudi, mwanangu?", alijua ana mahali pake duniani. Hakuwahi kumwambia mama yake hivyo. Alidhani mama anajua.

Sasa, Nyumba ya Kona. Palikaa hapo fundi wa kusuka viti, mzee aliyepofuka uzeeni. Mkewe alifariki, wanawe wakahama, na yeye akaishi miaka kumi na mmoja zaidi. Kila aliyeulizwa alimkumbuka: anakaa barazani, shati jeupe limepigwa pasi, ndevu zimechanwa, ameshiba. Nani alikuwa akimpikia? Nani akimfulia? Bi Kadi aliuliza watu arobaini. Huyu alidhani ni jirani wa kushoto, jirani wa kushoto akadhani ni wa kulia, wa kulia akasema, "Si alikuwa na ndugu?" Ndugu hakuwapo. Mwenyekiti wa kamati ya kitabu, mwalimu mkuu mstaafu asiyependa kupoteza muda, akamwambia, "Kitabu chetu hakitatoka na pengo. Mtafute."

Bi Kadi hakumpata, akamtunga. Alimwandika binti wa tatu wa mzee, dobi aliyewapigia watu pasi ya mkaa, asiyeolewa, anayeburuta mguu wa kushoto, maana mtu asiye na kasoro hasadikiki. Jina la utani akampa Bi Mkiwa. Kwenye jambo analokumbukwa, kalamu ikamnogea, akaandika: *Aliwapenda wazee. Alikuwa na subira ya kukaa nao na kuwasikiliza bila kuwakatiza.* Alipofika mstari wa mwisho akasita. Daftari la makaburi ya mji halikuwa na mtu kama huyo, na uongo wa kaburi ungegunduliwa mara moja. Akauacha mtupu, ataumalizia siku nyingine. Ukurasa ukapigwa chapa, ukabandikwa ukutani mwa maktaba mwezi mzima, kama kurasa zote, ili wenyeji wasahihishe. Na watu wa mji ule walikuwa hodari wa kusahihisha marehemu wa wenzao.

Aliyesahihisha mguu hakuchelewa kujulikana. Kesho yake Fundi Cherehani, mzee aliyekwisha kuacha kushona, alimwita kutoka upande wa pili wa barabara.

"Bi Kadi! Utanisamehe. Sikutaka kukuaibisha mbele za watu. Ila alikuwa akiburuta wa kulia. Nilimshonea gauni mara mbili, upindo wa kulia ulikuwa ukichakaa kwanza."

"Fundi, unamzungumzia nani?"

"Si yule binti wa Nyumba ya Kona? Umeandika vizuri sana. Nilipokuwa nasoma nikamwona hivi."

"Uso wake ukoje?"

Fundi akakuna kidevu. "Ajabu kweli," akasema taratibu. "Upindo nauona, mpaka rangi ya uzi. Uso siupati."

Wiki haikuisha ukutani pakajaa maandishi ya penseli. Miandiko mbalimbali, watu mbalimbali, na Bi Kadi aliwajua wengi wao kwa herufi zao. *Alimwogesha nyanya yangu alipougua. Hakuwa akila mbele za watu. Alisimama mlangoni mpaka aambiwe ingia.* Na chini kabisa, kwa mkono asioutambua, herufi zimelala upande kama zilizoandikwa na mtu anayeandika kwa mara ya kwanza: *Mbona hamjaandika nilipo?*

Alisoma ule mstari mara tatu. Akang'oa ukurasa, akaukunja, akautia mkobani, akatoka bila kumuaga mkutubi.

Nyumbani alipokelewa na harufu. Alisimama ukumbini akiinusa: mkaa, kitambaa kibichi, wanga unaokauka kwa joto. Harufu ya nguo inayopigwa pasi. Pasi yao ya umeme iliungua mwaka jana na hakuna aliyeitengeneza. Akaingia chumbani kwa mama yake, chumba kikubwa kuliko vyote, ambamo ndimo lilimowekwa pia kabati la kadi kwa sababu halikuenea kwingine. Bibi amekaa dirishani, gauni lake limenyooka, mikono ya gauni ina mikunjo mikali inayoweza kukata kidole.

"Nani kakupigia pasi, mama?"

"Si wewe?" Bibi alifikiri kidogo. "Hapana. Siyo wewe. Huyo alikaa."

"Alikaa nani?"

"Amekuja mchana. Amesimama pale mlangoni, nikamwambia ingia, kwani unaogopa nini? Akaingia. Nikamhadithia ile siku ya mvua mpaka mwisho." Bibi alikuwa akitabasamu, na Bi Kadi hakukumbuka ni lini alimwona akitabasamu hivyo. "Hakuniuliza mwaka."

Tangu hapo mchana ukawa ndio saa zake. Watu husema majini ni ya usiku, lakini usiku nyumba ile ilikuwa tulivu kabisa, bibi akikoroma na bintiye akikodoa macho darini. Ilikuwa saa nane, wakati jua limesimama na mitaa imekauka watu, milango imerudishwa, hata mbwa wamejificha, ndipo kitu kile kilipokuja. Siku ya Alhamisi Bi Kadi aliaga kwa sauti kwamba anakwenda maktaba, akafunga mlango wa mbele kwa kishindo, kisha akazunguka nyuma na kujibanza jikoni, nyuma ya mlango, viatu mkononi.

Alisubiri. Maji yalidondoka bombani. Kisha akasikia hatua moja ukumbini, ikifuatwa na mburuto, hatua tena na mburuto, mguu wa kulia ukivutwa sakafuni kama mtu anavyovuta gunia la nguo, na hatua zile hazikuwa zimeingia kwa mlango wowote maana milango yote aliifunga yeye mwenyewe, zilianzia tu katikati ya nyumba, zikapita mbele ya jikoni alikojibanza huku harufu ya mkaa ikizidi mpaka ikamwasha puani, zikasimama mlangoni mwa mama yake, zikasubiri, zikasubiri kwa adabu ya mtu anayejua kwamba bila kukaribishwa hawezi kuvuka kizingiti, hadi sauti ya bibi iliposema kwa furaha, "Ingia, mwanangu, nilikuwa nakungoja," na Bi Kadi aliyesikia neno lile likipewa mwingine akajikuta ameuma mkono wake ili asipige yowe.

Alipopata nguvu akakimbilia chumbani. Mama yake alikuwa peke yake. Kwenye kiti kando ya kitanda, kile ambacho Bi Kadi alikitumia kuwekea mafaili, mafaili yalikuwa yamepangwa vizuri chini, na kiti kilikuwa na joto.

"Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

Bibi alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka ufunguo. "Na binti yangu."

"Binti yako ni mimi."

"Ndiyo," akasema bibi, lakini kwa sauti ya kumridhisha mgeni. "Ndiyo, na wewe pia."

Bi Kadi alipiga magoti, akamshika mikono. "Mama, nihadithie siku uliyonizaa."

"Aa, hiyo siisahau. Ilikuwa alfajiri. Mkunga akasema, mtoto mzima, ila kaja na mguu mmoja umekunjika. Wa kulia." Bibi akamgusa shavu kwa huruma. "Kwani unalia nini, mama?"

Alilia, ndiyo. Sitaki kumsingizia ujasiri. Kisha akafuta machozi, akafungua droo ya Nyumba ya Kona, akaichomoa kadi ya Bi Mkiwa na kuitia motoni jikoni. Aliisimamia mpaka ikajikunja na kuwa jivu. Kesho yake saa tisa alasiri alikuta kadi imo drooni, ncha moja imebabuka rangi ya kahawia, na sehemu nyingine yote imenyooka bila mkunjo hata mmoja. Bado ilikuwa ya moto.

Mtu pekee aliyeweza kumwendea bila kuchekwa ni Sista. Huyo alikuwa muuguzi wa hospitali enzi zake, na baada ya kustaafu akageukia magonjwa ambayo hospitali haiyaandiki. Hakuwa na manyanga wala ubani. Alikuwa na meza, kitambaa cheupe, na tabia ya kumkatisha mgonjwa anayezunguka mbuyu.

"Fupi," akasema. "Umemtunga mtu, na mtu kaja. Kadi iko wapi?"

Bi Kadi akampa. Sista akavaa miwani, akasoma, akageuza nyuma, akasoma tena. Alipomaliza hakuwa na haraka tena.

"Uliuliza watu wangapi nani alimhudumia yule kipofu?"

"Arobaini."

"Na hakuna aliyejua. Hukujiuliza kwa nini?" Akavua miwani. "Miaka kumi na mmoja, katika mji huu ambao mtu akipiga chafya wanajua ni ya ngapi, hakuna aliyemwona anayempikia mzee. Hawakumwona kwa sababu hakuwa mtu, Bi Kadi. Lile pengo lilikuwa na mwenyewe."

"Basi mimi nimefanya nini?"

"Lilikuwa halina jina wala ukoo. Kipofu alilikaribisha kwa sababu hakuona ni nini. Alipokufa likabaki nje, halina wa kumhudumia, haliwezi kuingia kwa mtu. Wewe ukalipa baba, mama, kazi, mguu, jina. Hata ukaandika kwamba linapenda wazee. Kisha ukaipeleka kadi ukailaza chumba kimoja na mzee aliye mpweke."

"Mama si mpweke! Yuko nami."

Sista alinyoosha kitambaa cheupe mezani kwa viganja viwili.

"Dawa ni kazi yako mwenyewe. Ulimwacha hajakufa. Mwandikie mstari wa mwisho: kafa lini, kazikwa wapi. Uifunge kadi humu, umpe mama yako aishike mpaka alasiri. Yeye ndiye aliyemkaribisha, yeye ndiye wa kumtoa, kwa mkono wake, kwa hiari yake. Kisha tunazika kabla jua halijatua, na ukishafunga hufungui tena. Na muda wote huo, sikiliza vizuri, usitoke chumbani. Kaa na mama yako. Ongea naye. Kiti kile kisikae kitupu hata dakika moja."

"Hilo tu?"

"Kwako wewe," akasema Sista, "hilo si dogo."

Siku ya pili, saa saba mchana, Bi Kadi alikaa kwenye kile kiti, kadi magotini, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa masjala: *Alifariki kwa homa. Amezikwa makaburi ya mji, safu ya tisa, kaburi la kumi na nne.* Akafunga kitambaa mafundo mawili, akakiweka mikononi mwa mama yake.

"Nishikie hii, mama. Alasiri nitakuomba, utanipa."

"Ni nini?"

"Ni ya mtu anayeondoka."

Bibi akakipakata kifurushi kama mtoto. Wakakaa. Mwanzoni hawakujua mikono waiweke wapi, kama watu wasiozoea kukaa pamoja bila kazi. Kisha bibi akaanza, "Siku hiyo mvua inanyesha, baba yako amevaa lile shati lake la mistari..." na binti akaumeza ulimi wake, akasikiliza. Akasikia kwa mara ya kwanza kwamba baba alivua shati lile ili limfunike yeye, kichanga, asilowe. Miaka yote hiyo alikuwa akiikatiza hadithi kabla haijafika kwake. Moyo ulimlainika, na lau ningeweza kuisimamisha habari hii hapo, ningeisimamisha.

Lakini ilipokaribia saa nane kitu kikamtekenya. Safu ya tisa, au ya kumi? Kaburi la kumi na nne la safu ya tisa, si ndilo la mwashi yule aliyejenga daraja? Akijaribu kulipuuza, linarudi. Mtu aliyeandika sahihi miaka thelathini na mmoja hawezi kumzika mtu, hata jini, juu ya mwashi. Ramani ya makaburi ilikuwa jikoni juu ya kabati, hatua kumi na tano. Akatazama saa. Dakika mbili tu.

"Nakuja sasa hivi, mama."

Aliikunjua ramani juu ya meza ya jikoni, akashusha kidole safu kwa safu. Harufu ya mkaa ilipita mlangoni; aliisikia, akaongeza kasi ya kidole badala ya kuiacha ramani. Saba, nane. Kutoka chumbani pakalia kitu kama droo inayovutwa, na akajiambia ni kitanda. Tisa. Kisha sauti ya mama yake, ya upole, ya wazi kabisa:

"Hii hapa? Haya, mwanangu."

*Mwanangu.* Wiki mbili hakuitwa hivyo. Furaha ilimpanda mpaka macho yakajaa, na akaitikia kwa nguvu kutoka jikoni, "Naam, mama! Nakuja!" Kidole chake kilikuwa kimefika kaburi la kumi na nne. Lilikuwa tupu. Alikuwa hajakosea.

Alirudi mbio. Mama yake amekaa vilevile, kifurushi kifuani, kabati limefungwa, kiti kando ya kitanda kitupu. Fundo lilikuwa moja badala ya mawili. Alilitazama, akakumbuka onyo la Sista la kutofungua, akajiambia kwamba labda moja limejifungua lenyewe.

"Nipe sasa, mama. Kwa hiari yako."

"Chukua," akasema bibi. "Mzikeni vizuri. Alikuwa mtoto mwema, ila hakuwa na muda."

Makaburini hapakuwa na watu. Sista alikuwa amekwisha kuchimba shimo dogo mahali palepale palipotajwa, dhiraa moja kwenda chini. Bi Kadi alilaza kifurushi, wakafukia wote wawili kwa mikono. Udongo wa mwisho ulipowekwa akahisi baridi ikimtoka tumboni kwenda nje, kama jasho linapokauka, na masikio yakamziba kidogo. Akavuta pumzi. Yameisha, akajisemea. Namshukuru Mungu, yameisha.

Sista alijipangusa mikono, akamgeukia kwa ule uso wa kazi, wa huruma ya kipimo, ambao wauguzi huwa nao kwa wafiwa wasiowajua.

"Pole sana kwa msiba," akasema. "Wewe ni nani kwa marehemu?"

Bi Kadi alidhani ni sehemu ya dawa. Alijaribu kutabasamu. Sista akamgusa bega na kwenda zake, jembe begani.

Njiani Fundi Cherehani alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, yule ambaye hajawahi kumwacha Bi Kadi apite bila utani. Akamtazama akipita, akarudisha macho kwenye redio yake. Mbele kidogo wanawake wawili walikuwa wakisimulia kwa sauti ya chini. "Yule karani wa kadi," mmoja akasema. "Homa tu. Kazikwa leo alasiri." Bi Kadi akaharakisha. Kisha akakimbia, mwanamke wa miaka sitini na mbili, kandambili zikipiga lami.

Mlango wa nyumba yao ulikuwa wazi. Ndani kulinukia nguo safi iliyotoka kupigwa pasi. Akaingia ukumbini, akafika mlangoni mwa mama yake, na hapo miguu ikagoma. Si kwamba aliogopa. Aliinua mguu avuke kizingiti na mguu haukuvuka.

Mama yake alikuwa kitandani karibu na dirisha, akijipepea kwa kadi. Kadi ile ilikuwa na ncha moja iliyobabuka rangi ya kahawia. Droo ya nyumba yao ilikuwa haikufungika vizuri, na katikati yake palikuwa na nafasi nyembamba ya kadi moja. Bi Kadi akajua kadi iliyolala safu ya tisa ni ya nani.

"Mama," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mama, ni mimi. Umekosea kadi. Ni mimi, mwanao."

Bibi aliacha kujipepea. Alimtazama kwa adabu, kwa yale macho yaliyokuwa yakikumbuka mji mzima.

"Una sauti ya marehemu," akasema. "Binti yangu mmoja tumemzika leo. Lakini nashukuru, bado ninaye huyu." Na akaweka mkono kwenye kile kiti kando yake, ambapo Bi Kadi, kwa jinsi mwanga wa jua ulivyokaa, aliona tu ukingo wa gauni, upindo wa kulia umechakaa. Kutoka pale kitini sauti ikauliza taratibu, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, aliyoitumia miaka sitini na mbili:

"Mama, nani huyo amesimama mlangoni?"

"Sijui, mwanangu. Ngoja nimuulize." Bibi akainama mbele, akakunja uso kwa ukarimu wa mtu anayetaka kusaidia. "Samahani, mama. Wewe ni wa nyumba ipi?"

Bi Kadi alifungua kinywa. Alijua jibu la kila nyumba ya mji ule, baba na mama, kazi na kaburi. La kwake halikuja. Akabaki amesimama pale mlangoni, akisubiri aambiwe ingia.